Karani Haingii Ndani

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimeolewa! Mwezi haujaisha tangu harusi na bado kila asubuhi naangalia pete kwanza, saa baadaye. Dukani ninakouza mapazia nimeandika jina langu jipya nyuma ya risiti mara nyingi mpaka mteja mmoja akaniuliza kama najitayarisha kwa mtihani. Adhis wa Manasseh. Adhis wa Manasseh!

Leo tulikuwa Kebirigo kwa wakwe. Nilivaa lile gauni la kijani, nikabeba samaki wa ngege wakubwa kutoka kwetu Kendu Bay, wamekaangwa wakakaangika. Mama mkwe, Nyamoita, alinikumbatia hadi kilemba changu kikaanguka. Lakini baba mkwe — nilipoingia sebuleni na trei ya chai, Tata Alfayo (tata ni baba kwa lugha yao) alisimama, akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuniangalia. Hata siku ya harusi alinisalimia kwa mbali, kama mtu anayepungia lori.

Manasseh anasema hiyo ndiyo chinsoni. Kwao Wakisii baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka: hawashikani mikono, hawakai karibu, na yeye haingii kabisa nyumbani kwa mwanawe. Ni heshima, anasema, tena heshima kubwa. Sawa. Hata kwetu Wajaluo tuna zetu. Lakini Gesare, dada yake Manasseh, mwenye saluni pale Masimba, alinichekea tukiosha vyombo. Eti mzee alikuwa ameshachagua msichana wa kwaya huko Nyamira, sauti ya kwanza, mpole, halafu mimi nikatokea na samaki wangu. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Sasa mimi nitajuaje? Anayekuheshimu anatoka nje. Asiyekutaka anatoka nje. Wote wawili unawaona mgongo tu.

Nililia kidogo njiani. Manasseh alinishika mkono mpaka kwetu Kiogoro, hakuuachia hata wakati wa kulipa nauli.

Jumanne, 9 Septemba

Nina mke mwenza! Anaitwa Kelmora na ana zaidi ya miaka ishirini.

Nilikuwa najua Manasseh ana mambo yake kwenye laptopu. Nilifikiri ni kazi ya duka — anatengeneza kompyuta za watu mchana kutwa, nikadhani anabeba nyingine nyumbani. Kumbe! Ni mchezo wa zamani. Kisiwa kizima ndani ya sidi moja: milima, miji, mapango, wachawi, soko la uyoga. Unachagua mtu wako, unashuka kwenye mashua, na kutoka hapo hakuna anayekuambia uende wapi. Ukitaka kuwa shujaa, haya. Ukitaka kuuza uyoga mpaka uzeeke, haya pia.

Alianza kuucheza akiwa mtoto, jioni, dukani kwa mzee kule Kebirigo — Tata Alfayo ana duka la kuchapa na kutoa nakala pale sokoni. Nikamwona kabisa, kijana wangu, miguu haifiki sakafuni! Nikambusu juu ya kichwa.

Sasa kompyuta mpya zinaukataa ule mchezo. Alinieleza hivi: chukua gari la zamani, bodi nzuri, viti vizuri, lakini injini imekufa na aliyeitengeneza hatengenezi tena. Basi watu duniani wanaolipenda hilo gari wameamua kuunda injini nyingine kutoka mwanzo, waiingize ndani ya bodi ile ile. Hawalipwi. Kila mtu lazima awe na sidi yake halali, kwa sababu bodi si yao kugawa. Ya Manasseh iko kabatini imefungwa kwa leso, kama cheti cha kuzaliwa.

Na kazi yake yeye katika hiyo injini ni ipi? Mvua! Mume wangu ndiye anayenyesha mvua Kelmora! Kuna Mpolandi anashughulika na milango, kuna mwanamke wa Brazili anashughulika na wanyama, na mvua ni ya mtu wa Kiogoro. Nilimwambia hakuna mtu angeifaa kazi hiyo zaidi, kwani hapa kwetu saa tisa ikifika unaanua nguo hata kama jua linawaka.

Tatizo moja tu. Kwa sasa mvua yake inanyesha mpaka ndani ya nyumba.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeingia Kelmora. Mimi!

Wanajaribu jambo jipya ambalo ule mchezo haukuwa nalo: watu wengi kucheza pamoja kwenye kisiwa kimoja. Manasseh ana seva yake ndogo ya majaribio na alihitaji watu wa kuingia na kuharibu vitu ili ajue vinaharibikaje. Nikamwambia mimi naharibu vizuri. Ninaitwa Malkia. Nina nywele nyekundu na mabega kama ya mchukuzi wa ndizi.

Nilikuwa na wakati mgumu. Mbwa mwitu alinifukuza mpaka mtoni nikazama. Nikarudi, akanifukuza tena. Halafu akatokea mtu mwenye kofia pana na fimbo, akampiga yule mbwa mwitu mara moja tu, akasimama kando. Juu ya kichwa chake pameandikwa Karani. Nikaandika kwa Kiingereza, asante. Akajibu kwa Kiswahili! Eti ameona mchezaji anayeitwa Malkia akadhani labda anasikia lugha hii.

Na Kiswahili chenyewe ni cha kitabu, koma na nukta mahali pake. Lazima ni Mtanzania. Nimekisia Mwanza.

Kisha aibu! Karani alinipa koti la ngozi, nikabonyeza nilivae, na la zamani likavuka lakini jipya halikuja. Nikabaki na nguo za ndani katikati ya daraja, mabega yangu yote nje. Manasseh alicheka akaiandika kwenye orodha yake ya hitilafu. Karani aligeuka upande mwingine pale pale na kuandika: "Naangalia mlima. Ukimaliza utaniambia."

Mtu muungwana sana.

Jumapili, 14 Septemba

Jana Sabato, kwa hiyo laptopu ilifungwa tangu Ijumaa jua likizama. Karani pia alikuwa ameaga Ijumaa, akasema tuonane Jumapili. Kumbe Wasabato wako hadi Mwanza!

Leo mchana wote tumehamia nyumba. Yaani Malkia amehamia. Nilipata kijumba tupu karibu na daraja, Karani akanisaidia kubeba meza kutoka mjini. Meza inabebwa na watu wawili na injini bado haijui hilo vizuri, kwa hiyo ilikuwa inapaa. Tulitembea nayo kisiwa kizima ikiwa juu ya vichwa vyetu kama wingu. Nilicheka hadi nikashikilia ukuta, na Manasseh akanibana mbavu, kisha tukasahau meza kidogo. Tuliporudi Karani bado alikuwa amesimama pale pale akiilinda.

Nimetundika mapazia. Rangi ya machungwa, kama yetu ya Kiogoro. Karani aliingia, akazunguka chumba kizima, akasema nyumba isiyo na pazia haijaisha na hii sasa imeisha. Mimi nauza mapazia Kisii mjini siku tano kwa wiki na hakuna mteja amewahi kuniambia maneno mazuri hivyo.

Alibaki muda mrefu, akiniambia habari za mapango ya kaskazini na wapi pa kupata chumvi. Amesimama wakati wote. Kelmora hakuna mchezaji anayeweza kukaa. Viti viko kila mahali, watu wa mjini wanakaa, lakini sisi wachezaji tunasimama tu kama askari. Manasseh anasema mchezo uliumbwa hivyo tangu zamani.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua imetoka ndani! Sasa inanyesha nje tu na paa linapiga kelele kama mabati halisi. Manasseh alirekodi sauti hiyo kwenye paa letu la hapa. Alipanda juu ya ndoo na simu mkononi, shati lote limeloa, anatabasamu kama mtoto. Watu wa Brazili wanasikiliza mabati ya Kiogoro! Nilimkausha kichwa kwa taulo. Nampenda mpaka nahisi njaa.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nimemwambia Karani siri.

Mvua ilikuwa inanyesha Kelmora na Kiogoro pamoja. Tulikuwa nyumbani kwa Malkia. Manasseh alikuwa ameenda kununua maziwa. Karani aliniuliza kama nina furaha katika ndoa, kwa sababu namtaja mume wangu kila baada ya sentensi mbili. Nikamwambia nina furaha kama mwendawazimu. Ila jambo moja.

Nikamwandikia yote. Kwamba nimeolewa Ukisii na mimi ni wa ziwani. Kwamba baba mkwe anatoka nikiingia. Kwamba najua kuna desturi, nimeelezwa, lakini moyo wangu hausikii maelezo. Kwamba alitaka msichana wa kwaya. Mwisho nikaandika: "Nadhani baba mkwe wangu hanipendi. Wewe ni mtu mzima, nishauri. Ni heshima au hanitaki?"

Karani hakujibu. Nikafikiri mtandao umekatika. Lakini mtu wake alikuwa pale, kofia ile pana, ameelekea ukutani. Alibaki hivyo hadi mvua ikaisha.

Kisha akaandika kwamba ameitwa. Akatoka. Hakusema kwaheri, yeye ambaye huaga hata mbuzi.

Ijumaa, 19 Septemba

Dukani leo harusi mbili zimechukua mapazia, na bibi harusi mmoja alikuwa na wasiwasi nikamwambia ndoa ni tamu, ni tamu, ni tamu. Mwenye duka aliniambia nipunguze.

Jioni niliingia Kelmora mara moja kabla ya jua kuzama. Karani alikuwa nje ya nyumba. Nikamkaribisha. Hakuingia. Akaniachia mkate kwenye kizingiti na kuondoka.

Jumapili, 21 Septemba

Yuko nje tena.

Nimemwambia karibu. Nimefungua mlango wazi kabisa. Nimesimama ndani nikiruka-ruka, maana ndiyo njia pekee ya kupunga mkono. Anasimama hatua kadhaa kutoka mlangoni, mvua inampiga, ananiambia habari nzuri tu — kwamba chumvi imeshuka bei, kwamba mbwa mwitu wa darajani wameisha. Nikitoka yeye anarudi nyuma. Nikimkaribia anarudi tena. Tulienda hivyo mpaka mtoni!

Kwani nimemkosea nini? Nimewaza labda Watanzania hawapendi kusikia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Nilifunguka sana. Mama aliniambia tangu nikiwa msichana kwamba mdomo wangu hauna komeo.

Nilimweleza Manasseh nikiwa na machozi ya kweli. Alinisikiliza kwa makini sana, akainua kidole, akasema: ni mlango. Eti hitilafu. Eti lazima injini inamwona Karani kama mnene kuliko mlango kwa sababu ya ile kofia. Alifurahi! Alimwandikia Mpolandi papo hapo.

Jumatano, 24 Septemba

Wamepima mlango kwa siku tatu. Mpolandi ameingia na kutoka na kofia za kila aina. Brazili imeingiza ng'ombe.

Mlango ni mzima.

Kwa hiyo ni mimi.

Jumapili, 28 Septemba

Sijui nianzie wapi. Ngoja ninywe maji kwanza.

Tulienda Kebirigo tena. Baada ya chakula mama mkwe alinipa chupa ya chai nimpelekee mzee dukani, sokoni pale chini. Nikauliza kama inaruhusiwa. Akacheka akasema chai inaruhusiwa, niweke juu ya meza ya wateja, nigonge, niondoke.

Duka lilikuwa kimya. Tata Alfayo alikuwa amekaa, amenipa mgongo, kofia juu ya msumari ukutani. Nikaweka chupa. Nikainua mkono nigonge.

Kwenye skrini yake kulikuwa na mapazia ya rangi ya machungwa.

Yalikuwa yangu. Mapazia yangu, mlango wangu, kijumba changu cha darajani, vyote vinaonekana kutoka nje. Na mvua ya Manasseh inanyesha. Mzee alikuwa hagusi kitu chochote. Mikono iko mapajani. Anaangalia tu kama kuna mtu atafungua.

Sikugonga. Nilipanda kile kilima kwa mbio, na mimi si mtu wa kukimbia baada ya ugali wa wimbi.

Manasseh alikuwa chini ya migomba na Gesare. Nikamwuliza mbele ya dada yake: Karani ni nani? Akaniangalia kama nimeuliza Sabato ni siku gani. Akasema si ni mzee, yeye mwenyewe ndiye aliyemwekea injini mpya, walikuwa wanacheza wote wawili zamani, mmoja anashika kipanya na mwingine vitufe. Akasema, "Mimi nilidhani mnajuana. Si mnaongea kila siku?"

Nilikaa chini kwenye majani. Nilikuwa nimemwita baba mkwe nyumbani kwangu. Nilikuwa nimebeba naye meza. Nilikuwa nimesimama darajani na nguo za ndani! Nilipofika hapo Gesare alianguka. Kweli, alianguka, alishika mgomba ukakatika naye. Aliniambia, "Umeisha, dada. Wewe umeisha kabisa. Wengine tunaogopa hata mzee aone kitambaa cha kichwa kwenye kamba." Na Manasseh wangu, mtu wa mvua, alikuwa ameshika kichwa. Anasema hakuwaza. Alikuwa anawaza seva tu, kama itabeba watu wanne. Chinsoni aliiacha mlangoni pa nyumba halisi, haikumjia kwamba itamfuata mpaka ndani ya sidi.

Mama mkwe ndiye aliyeninyanyua. Alinipeleka jikoni, akafunga mlango, akaniambia mambo ambayo nayaandika hapa ili nisiyapoteze.

Kwanza, mzee hakujua. Siku za mwanzo alikuwa anachelewa kurudi, na akiulizwa anasema kuna msichana mmoja mcheshi sana kwenye kompyuta, wanabeba meza. Mama mkwe alikuwa karibu kuleta ugomvi. Kisha jioni moja mzee alirudi mapema, akakataa chakula, akasema yule msichana ni mke wa Manasseh na yeye ameshaingia nyumbani kwake zaidi ya mara moja. Mama mkwe alimwuliza kama sasa ataacha kucheza.

Mzee akasema, "Siachi. Nitakuwa nasimama nje."

Nimemwuliza mama mkwe na lile swali langu lingine, la kama ananitaka. Akasema hilo si la kujibiwa na yeye.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilienda kazini nikakata pazia la mteja fupi kwa mkono mzima. Nawaza tu.

Siwezi kumwambia Karani kwamba najua. Nikimwambia, ataona aibu na hatarudi. Hata mama mkwe anafikiri hivyo. Nisipomwambia, atasimama kwenye mvua mpaka lini? Na swali langu bado liko pale pale. Nilimwuliza uso kwa uso, na hakunijibu. Anayesimama nje anaweza kuwa anatimiza wajibu tu. Watu hutimiza wajibu.

Niliacha Kelmora leo. Manasseh anasema Karani alikuja, akasimama, akaondoka.

Nilimpigia mama mkwe simu. Nikamwuliza: baba mkwe akija kumtembelea mwanawe, kweli kweli, si kwa kompyuta, anapokelewaje? Akaniambia ni rahisi. Anawekewa kigoda nje, upande wa kivuli, kinaangalia lango, si mlango. Chakula anapelekewa huko huko. Mke wa mwana anakaa ndani, na kila mtu anasikia kila mtu vizuri.

Anakaa. Hiyo ndiyo shida! Karani hawezi kukaa!

Jumanne, 30 Septemba

Nimemwambia mume wangu kwamba nataka zawadi ya harusi niliyokuwa sijaitaja. Nataka watu wa Kelmora wakae.

Alisema ni ngumu. Alisema inagusa mifupa yote ya mtu. Alisema miaka ishirini hakuna aliyeomba. Nikamweleza kuhusu kigoda. Akavua miwani akaifuta kwa shati langu, si lake. Kisha akafungua laptopu, akakunja mikono ya shati.

Jamani nimeolewa na nani huyu? Nimpe nini?

Alhamisi, 2 Oktoba

Ripoti ya kukaa. Jana watu walikaa hewani. Leo asubuhi walikaa chini lakini wakageuka vichwa kutazama nyuma. Mchana Mpolandi alijaribu, akajikalia mwenyewe begani. Aliuliza ni nani huko Kenya ana haraka ya kukaa hivi. Manasseh alimjibu kwamba ni jambo la kifamilia, na Mpolandi, Mungu ambariki, hakuuliza tena. Alileta magoti. Ana magoti mazuri aliyotengeneza kwa ajili ya jambo lingine.

Mimi naingia Kelmora kila jioni kidogo ili Karani asidhani nimehama. Nasimama ndani, yeye nje, tunaongea habari za chumvi. Simkaribishi tena ndani. Sijui kama ameliona hilo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Wamekaa! Saa kumi na moja, kabla ya Sabato, Malkia amekaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza. Miguu inapotea kidogo kwenye sakafu, lakini amekaa. Mimi na Manasseh tulicheza ngoma jikoni, na jirani akagonga ukuta kuuliza kama tumeshinda kitu.

Jumapili, 5 Oktoba

Naandika hapa hapa mezani, shajara kando ya laptopu, kwa sababu mikono inataka kazi.

Mchana niliandaa. Kigoda nimekiweka nje, upande wa mti, kinaangalia lango la ua. Nimezunguka mara nyingi kuhakikisha hakioni mlango. Mbele yake meza ndogo, mkate, samaki mmoja wa Kelmora ambaye ni mbaya lakini ndiye aliyepo. Juu nimetundika turubai. Niko ndani, nyuma ya pazia. Manasseh yuko nyuma yangu, ananipumulia shingoni.

Karani anateremka kilima. Naona kofia.

Amefika langoni. Amesimama.

Sasa anaelewa. Hakuna msichana wa mtandaoni anayeweka kigoda namna hii bila kujua anamwekea nani. Kama ni kuondoka ni sasa. Sijawahi kuogopa mtu wa kuchora hivi. Manasseh ananong'ona habari za magoti, nimemkanyaga anyamaze.

Bado amesimama.

Ameingia uani! Anazunguka kigoda. Anakiangalia kutoka upande huu, kutoka upande ule. Hajui kwamba watu sasa wanakaa, hakuna aliyemwambia. Anabonyeza. Ameruka juu. Anabonyeza kingine —

Amekaa. Tata Alfayo amekaa nyumbani kwetu.

Manasseh ameshika bega langu. Sijui nianze mimi au yeye.

Maandishi yametokea chini ya skrini. Neno moja: "Omokamwana." Mke wa mwanangu, kwa lugha yao. Hajawahi kuniita kitu chochote. Hata Malkia huwa hataji, huandika "wewe".

Nikajibu, "Ndiyo, Tata." Vidole vimeandika vibaya mara mbili.

Kisha: "Siku ile uliniuliza swali. Sikukujibu kwa sababu jibu lake haliwezi kutolewa ndani ya nyumba yako. Sasa niko nje."

Nukta tatu zinacheza, maana yake bado anaandika. Mtu aliyechapa maisha yake yote, na anaandika polepole hivi! Zimesimama. Zimeanza tena. Amefuta kitu. Anaandika —